Kuondoa kijiti cha uzazi wa mpango

Kuondoa kijiti cha uzazi wa mpango ni kutoa kipandikizi cha kuzuia mimba kilichowekwa chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko. Nchini Tanzania hutumika Implanon NXT (kijiti 1, miaka 3) na Jadelle (vijiti 2, miaka 5).

Muda huo ni kikomo cha kinga, si kifungo. Mwanamke anaweza kuomba kitolewe siku yoyote, bila kulazimika kueleza sababu.

Wengi huamua hivyo kwa kutaka mtoto au kwa maudhi, hasa hedhi isiyotabirika. Mabadiliko ya hedhi kwa kawaida si hatari na yana tiba ya kuyapunguza. Hata hivyo, uamuzi ni wa mwenyewe.

Katika wilaya ya vijijini kama Bahi, mkoani Dodoma, huduma hutafutwa kwanza kwenye zahanati au kituo cha afya. Mtoa huduma aliyefunzwa hukipapasa kijiti, huchoma sindano ya ganzi, huchana ngozi milimita chache na kukivuta. Kisipopapasika, hakitafutwi kwa kukisia: mteja hupewa rufaa, kwa mfano Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, kikatafutwe kwa vipimo vya picha. Kujitoa kwa wembe huweza kuleta maambukizi na kujeruhi neva.

Uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Asiyetaka mimba anaweza kuwekewa kijiti kipya au kupewa njia nyingine siku hiyohiyo.