Kifaru cha Minyororo ya Kinga

Mnyororo mpya wa baiskeli, au kinga kama tunavyosema hapa Kamina, Kongo, una viungo mia na kumi na vichache. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni milimita 12.7, na kipimo hicho hakibadiliki, iwe baiskeli imetoka India, China au kwa marehemu babu.

Naanza na mnyororo kwa sababu ndio ulioamua ukubwa wa kifaru kilicho juu ya meza yangu. Kifaru halisi cha aina ya T-55, kile cha Kirusi chenye magurudumu matano kila upande, kina viungo vya milimita 137. Gawanya kwa 12.7, utapata karibu 11. Upande mmoja unataka viungo 90 hivi, na mnyororo mmoja wa baiskeli unatosha na kubaki. Basi kifaru changu kikawa sehemu moja ya kumi na moja ya kile halisi: kiwiliwili karibu sentimita 60, na ukihesabu mzinga uliotangulia mbele, zaidi ya 80. Kwa kuwa mnyororo mmoja ni mwembamba mno, kila upande nimelaza miwili sambamba na kulehemu vipande vya bati juu yake. Magurudumu ni vitako vya makopo ya nyanya ya gramu 400, yenye upana wa milimita 73 hivi. Gurudumu la T-55 lina milimita 810. Piga hesabu uone yanavyokaribiana. Kila gurudumu ni sahani mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu, kwa hiyo nilihitaji vitako 20. Majirani walinichangia.

Huko Shizuoka, Japani, mambo yalikwenda hivyohivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ilitaka kutoa kifaru cha plastiki, Panther wa Kijerumani, kitakachotembea chenyewe kwa mota na betri mbili. Wakatengeneza kiwiliwili ambacho betri zingeenea ndani yake, na walipopima baadaye wakakuta wamepata sehemu moja ya 35. Kipimo hicho, 1/35, ndicho kilichoenea duniani, na leo maelfu ya watu wanaounganisha vifaru vya plastiki hawana habari kwamba wanafuata ukubwa wa betri za zamani. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni: maketi ni kitu halisi kilichopunguzwa kwa kipimo kimoja pande zote. Ukisikia 1/35, kila mita 35 za kweli zimekuwa mita moja. Mtu wa kimo cha kawaida anakuwa sentimita 5, kama kidole chako cha mwisho. Ukisikia 1/16, mtu huyo anakuwa sentimita 11, na uso wake unaonekana. Viwanda huuza sanduku lenye vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye matawi yake. Unakata, unasugua, unaunganisha kwa gundi, unapaka rangi. Sanduku kubwa la 1/16 lina mamia ya vipande na bei yake kwa mwalimu wa hapa ni mshahara wa miezi. Kwa hiyo wengi wetu tunatengeneza kwa waya, bati na mbao, kama tulivyofanya utotoni.

Nimezaliwa mwaka 1968, mtaa wa karibu na stesheni. Kamina ni mji wa reli na wa kambi. Reli ya kutoka Bukama kwenda Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilikamilika 1928, na ile ya Kabalo ikaunganishwa 1956. Kitu kizito kikija huku, kinakuja juu ya behewa. Kambi waliijenga Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kuanzia 1953 walifundishia humo marubani wao kwa ndege aina ya Harvard. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na alipenda kutusimulia habari za majeshi ya Umoja wa Mataifa. Aliziona ndege za Waswidi, fupi na nene tumboni, ambazo wenyewe waliziita Tunnan, yaani pipa. Aliyaona pia magari yao ya deraya yasiyo na paa, yenye mbavu za chuma zilizoinamishwa, yaliyojengwa juu ya fremu za malori ya Volvo na Scania-Vabis. Mwishoni mwa Desemba 1962 wanajeshi hao walitoka kambini wakaingia mjini, wakauchukua kutoka kwa askari wa Tshombe, aliyekuwa ameitenga Katanga na nchi. Baba alikuwa na miaka 24.

Mimi nakumbuka Mei 1978, makomando wa Ubelgiji walipotua kambini wakielekea kwenye mapigano ya Kolwezi. Siku zile jeshi la Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa, lilikuwa na magari ya deraya ya Panhard AML kutoka Ufaransa, madogo, magurudumu manne, watu watatu ndani, na mzinga wa milimita 90 ulioonekana mrefu kuliko gari lenyewe. Moja lilisimama karibu na shule yetu, dereva akanunua karanga. Nililizunguka mara tatu. Jioni nilichukua waya, nikalijenga, na soli ya kandambili ikanipa magurudumu. Sijaacha tangu hapo.

Mwaka 2009 mpwa wangu aliyeko Ubelgiji aliniletea sanduku la kwanza la plastiki maishani mwangu, Sherman wa 1/35. Gundi yake ilinyang'anywa kwenye uwanja mmoja wa ndege kwa kuwa inashika moto. Nilikaa na sanduku wiki mbili nikifungua na kufunga. Halafu binti yangu, aliyekuwa akijifunza kazi ya saluni, akanionyesha kuwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha inayeyusha kalamu ya plastiki. Ni asetoni. Nilikatakata matawi yaliyobaki, nikayaloweka kwenye chupa ndogo ya asetoni, na kesho yake nilikuwa na gundi nzito kama asali. Ukiipaka kwa kijiti na kubana vipande viwili mpaka vikauke, vinakuwa kitu kimoja. Ukivuta, panavunjika pengine. Sherman ile bado ni nzima. Ila niliimaliza kwa kukisia. Umeme ulikuwa unakuja saa tano usiku, na vishikio vya zana vilivyo pembeni mwa kifaru hicho ni vidogo kuliko punje ya mchele. Viwili viliruka kutoka kwenye koleo nikavitafuta sakafuni kwa tochi mpaka alfajiri, na sikuvipata.

Hapo ndipo nilipoanza kutamani maketi kubwa, na siko peke yangu. Jumapili baada ya ibada tunakutana watu watano: fundi saa, mwalimu wa hesabu, kijana anayetengeneza simu, mchomeaji mmoja na mimi. Mazungumzo yetu hurudi palepale: kama kiwanda kingetusikiliza, tungeomba nini?

Fundi saa, ambaye macho yake yamechoka, anataka 1/16 na hataki kusikia kingine. Mwalimu anataka karatasi ya maelekezo iliyochorwa vizuri kiasi kwamba hakuna haja ya kusoma Kijapani wala Kiingereza. Nyingine tayari zinakaribia hapo. Kijana wa simu anasema sanduku lenyewe ni jambo la kale: yeye anataka auziwe mchoro, kisha mashine ya kuchapa plastiki imtolee vipande hapa hapa. Ameona picha za mashine hizo na anaamini atainunua. Namwamini, maana ndiye aliyefungua simu ya kwanza hapa mtaani kwa kisu cha kukatia kucha.

Ombi langu mimi ni aina za magari. Tazama yaliyokwisha kutolewa kwa 1/16: Tiger, King Tiger, Sherman, Pershing, Leopard, T-34, Abrams. Tiger ni mashine ya kupendeza kujenga, sipingi, lakini Tiger ameshatengenezwa kwa kila kipimo na kila kiwanda. Mimi nataka AML. Kiwiliwili chake ni mita 3.79, kwa hiyo kwa 1/16 ni chini kidogo ya sentimita 24. Linaenea kwenye rafu ya kawaida na plastiki yake si nyingi. Nchi nyingi sana za Afrika zililitumia. Ndani ya sanduku waweke vibandiko vya bendera ya Zaire, ile ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Nataka gari la Waswidi lililo wazi juu, jeupe, lenye herufi za Umoja wa Mataifa ubavuni. Nataka Cascavel ya Brazil, ambayo wanajeshi wa Zimbabwe walikuja nayo nchini kwetu kuanzia 1998, vita vilipoanza tena. Hata magari ya deraya ya Waairishi, yaliyoundwa kwao juu ya fremu za Ford wakati wa Vita vya Pili na yakapigana Jadotville, hukuhuku Katanga, 1961, yanastahili sanduku lake.

Na watu. Katika 1/16 mtu ana uso, na nyuso za kwenye masanduku niliyoyaona ni za Wazungu. Askari wa Force Publique, jeshi letu la wakati wa ukoloni, walitoka Kongo wakavuka hadi Ethiopia, na Julai 1941 jenerali wa Kiitalia Gazzera akasalimu amri mbele yao kule Saio. Mchongaji wa kiwanda angekaa na picha zao wiki moja tu angepata nyuso ambazo hazijawahi kuchongwa. Mchomeaji wetu alimchonga mmoja kwa mti wa mpera, sentimita 11, na mpaka mishipa ya mkono inaonekana.

Lakini sababu yangu kubwa ya kutaka maketi kubwa sikuijua mpaka mwaka jana. Kuna mama jirani yangu, mtu mzima, ambaye vita vilimtoa kaskazini huko akaja Kamina na watoto wawili na sufuria. Alikuwa akipita mlangoni, anaona kile kifaru cha minyororo kinakua, hasemi neno. Siku moja akasimama.

"Papa, sisi tulikimbia vitu hivi. Weye unavitengeneza?"

Nilimkaribisha akae. Nilimwambia kweli, kwamba tangu utotoni mikono yangu inataka kujua vitu hivi vimeungwaje, na kwamba si furaha ya vita. Alisikiliza. Kisha akainama akakiangalia kwa muda mrefu, akauliza dereva anakaa wapi. Nikamwonyesha: mbele, kushoto. Akauliza kulia kwake kuna nini. Nikamweleza kwamba katika T-55 hapo kulia ndipo penye tangi la mafuta na rafu ya baadhi ya risasi za mzinga, begani mwa dereva kabisa. Kifaru kizima hubeba risasi 43. Nyuma, ndani ya kichwa kinachozunguka, wamebanana watatu: mpiga mzinga na mkuu wao upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, na mjaza risasi upande wa kulia, ambaye inambidi ainue risasi ya mzinga wa milimita 100 kwa mkono wa kushoto.

"Sasa kikiwaka," akasema, "huyu wa mbele anatokea wapi?"

Mdogo wake, nilikuja kujua siku ile, alikuwa dereva wa kifaru.

Nilimwambia ana mfuniko juu ya kichwa chake. Lakini mzinga ukiwa umeelekea upande fulani, mfuniko haufunguki vizuri, kwa hiyo waliotengeneza walimwekea mlango wa pili sakafuni, nyuma ya kiti chake. Anajisukuma, anashuka kwa tumbo chini ya kifaru. Akaomba auone. Nikakigeuza kifaru chali, na sakafu yangu ilikuwa bati tupu, laini, bila alama yoyote. Nilikuwa na vipimo vya mlango huo kwenye daftari. Sikuukata kwa sababu hakuna anayetazama chini ya maketi.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa natamani nini, nasema: ndani. Sanduku la kipimo kikubwa ambalo ni ganda tupu lenye mota halinitoshi tena. Nataka viti, nyenzo za kuongozea, rafu, tangi lile la kulia, na kila mfuniko uwe unafunguka. Kwa 1/35 yapo masanduku yenye sehemu za ndani, ila ukishafunga kichwa unachungulia kwenye tundu la upana wa shilingi. Kwa kipimo cha kifaru changu mkono wangu unaingia. Naweza kumkalisha dereva nikaona magoti yake yanavyobanwa.

Juma lile nilipasha moto chuma cha kulehemu kwenye makaa, nikakata sakafu kwa tindo, nikatengeneza bawaba kwa waya wa shaba uliotoka kwenye mota ya feni. Kazi ya jioni tatu. Nilimwita yule mama. Aliingiza ukucha akafungua, akafunga, akafungua tena, akauliza kama nikikisimamisha juu ya vipande viwili vya mbao mlango ule unaweza kuachwa wazi.

Unaweza. Uko wazi mpaka leo, na kifaru kimesimama juu ya mbao zake, karibu na dirisha, ambapo akipita anauona.