Java Ikibadilika Chini ya Rekodi za Wagonjwa

Februari 2006, AMPATH, mpango wa kuhudumia watu wanaoishi na HIV mjini Eldoret, ulianza kutumia OpenMRS, programu huria ya kuhifadhi rekodi za wagonjwa. AMPATH ina kliniki Kitale na Webuye. KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, inatumika leo katika vituo vingi vya umma nchini Kenya. Imeandikwa kwa lugha ya Java, na seva zake kwa kawaida huendeshwa kwa mfumo endeshi wa Ubuntu.

Java nayo haitulii. Toleo la 8 lilitoka Machi 2014. La 11, la Septemba 2018, liliiondoa JAXB, sehemu ya kusoma na kuandika data ya XML ambayo programu nyingi zilizoea kuikuta humo. Programu iliyoitegemea hugoma kuwaka mpaka iongezewe upya.

Debian, mama wa Ubuntu, ilikuja na Java 8 katika toleo lake la 9, mwaka 2017. Debian 10 ya Julai 2019 ikaja na Java 11, na ile ya 8 haikuwemo tena. Katikati ya tarehe hizo watunzaji wa vifurushi walijenga upya maktaba za Java, wakirekebisha zilizogoma. Ni kazi kubwa, na watu wachache mno huwashukuru.

Ufundi wao umo hata kwenye majina. Kifurushi cha default-jre hufuata toleo ambalo Debian imelichagua kwa wakati huo. Openjdk-8-jre hubaki kuwa 8. Ubuntu 22.04 inayo Java 8 kando ya 11, na amri ya update-alternatives huamua ipi itangulie. Fundi wa kliniki akisimika default-jre, ajue amekubali kwamba siku mfumo mzima utakapopandishwa, Java itabadilika bila yeye kuulizwa.

Kung'ang'ania ya 8 milele nako ni hatari. Programu isiyopata marekebisho ya usalama ni mlango wazi, na nyuma ya mlango huo mna habari za watu wanaoishi na HIV. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka zilindwe.

Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, zilimo kliniki za Webuye na Kitale, ziwe na mtu mwenye jukumu hili, pamoja na seva ya majaribio. Apandishe Java humo kwanza, atoe ripoti ya mwezi mzima, alinganishe takwimu na za seva ya zamani. Zikilingana, ndipo aende kliniki, tena siku isiyo na foleni.