Kabla hujamlipa fundi wa kompyuta, uliza: ni skripti au programu?

JULAI 2009 Serikali ya Tanzania ilishusha Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kutoka asilimia 20 hadi 18. Kwa wengi ilikuwa habari njema. Kwangu mimi, niliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kabanga, ng'ambo ya Kobero, iligeuka balaa. Kompyuta yangu iliendelea kutoa ankara za asilimia 20.

Kijana aliyenitengenezea programu ile alikwisha kuhama, na simu yake haikupatikana. Nilifungua faili nikidhani nitaiona ile 20 niifute. Nikakuta alama zisizosomeka. Wiki mbili niliandika ankara kwa mkono, huku wateja wakichoka kusubiri na kwenda kwa jirani.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, aliyerejea Burundi kutoka kambi ya Lukole na kusomea kompyuta Bujumbura.

"Mjomba," alisema, "hapa mpakani si kuna wakalimani? Mgeni anasema sentensi moja, mkalimani anaitafsiri papo hapo. Skripti ndivyo ilivyo. Hii yako ni barua iliyokwisha kutafsiriwa, na ile ya asili amebaki nayo mwandishi."

Hiyo ndiyo tofauti. Programu iliyoandikwa kwa lugha kama C hugeuzwa yote kwanza kuwa lugha ya mashine, na mteja hupewa hayo matokeo tu. Ina kasi, lakini haisomeki. Skripti, iwe ya Python, Perl au PHP, hubaki maandishi ya kawaida. Programu nyingine ndani ya kompyuta huyasoma na kuyatekeleza kila unapoiendesha. Aghalabu ni ya polepole zaidi, ila mwenye ujuzi kidogo huweza kuirekebisha.

Siku hizi mpaka huo umefifia. JavaScript, aliyoibuni Brendan Eich mwaka 1995 kwa kurasa za intaneti, leo hugeuzwa kuwa lugha ya mashine wakati uleule inapofanya kazi.

Mpwa wangu aliniandikia skripti ya Python. Ile 18 ilikuwa mstari wa juu kabisa, naiona kwa macho yangu.

Lakini mlango ulio wazi kwako u wazi kwa mwingine pia. Siku moja nilikuta kiwango cha kubadili faranga za Burundi kimeguswa, na aliyekigusa sijamjua hadi leo. Tangu hapo niliifunga kompyuta kwa nywila, na nakala ya skripti nikaiweka nyumbani.

Ndugu msomaji, sisemi skripti ni bora kuliko programu. Kila moja ina kazi yake. Ila kabla ya kulipa, dai mambo mawili: maandishi ya asili ya kazi uliyoagiza, na viwango vya kodi na fedha viwekwe mahali unapoweza kuvibadili mwenyewe. Ukinyimwa, ujue umenunua sanduku ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine.