Masikio Yanayokufa Kazini

"Sikio la kufa halisikii dawa," walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mkaidi. Hata hivyo, yapo masikio yanayokufa si kwa ukaidi wa wenyewe, bali kwa kazi wanayoifanya ili wapate riziki.

Nilikuwa ufuoni Dunga, kando ya mji wa Kisumu, nikikusanya msamiati wa uvuvi. Hapo nilimkuta nahodha mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini ameketi ubavuni mwa injini ya mashua. Nilimwuliza, "Jaduong', mwenzako amefika?" Akajibu kwa mshangao, "Ameshika nini?" Vijana waliokuwa wakishona nyavu waliangua kicheko. Mzee hakucheka. "Sauti yako naisikia, mwalimu," alisema, "lakini maneno siyapati."

Jibu hilo lina maelezo ya kisayansi. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojikunja mfano wa kombe la konokono, chenye seli za vinyweleo vinavyopokea mitetemo ya sauti. Kelele kali inayodumu huziua seli hizo, nazo zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Sasa, katika usemi wetu irabu ndizo zenye nguvu na uzito; konsonanti kama /f/, /s/ na /sh/ ni dhaifu na nyembamba. Kwa hiyo mzee huyu husikia irabu zote, lakini hawezi kupambanua kati ya fika na shika. Kumpigia kelele hakumsaidii sana, kwa kuwa ukali wa sauti huziongeza nguvu irabu ambazo tayari anazisikia.

Madhara hayaishii hapo. Wengi huandamwa na mvumo masikioni usiku kucha, na kelele ya muda mrefu imehusishwa pia na shinikizo la juu la damu. Lililo baya zaidi ni upweke: asiyejibu ipasavyo hudhaniwa kuwa ana dharau au amelewa, naye hatimaye hujitenga na baraza.

Sheria si kwamba haipo. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2005 zilikataza mfanyakazi kukabiliwa na wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Wataalamu wengi wa afya huanza kutahadharisha kwenye 85, nao hushauri kwamba kila zinapoongezeka desibeli 3, muda wa kukaa kwenye kelele upunguzwe kwa nusu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo haikuwasahau hata waliojiajiri. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kukagua kiwanda chenye lango kuliko mashua iliyo katikati ya ziwa.

Wapo watakaodai kwamba baharia aliyeziba masikio hatasikia onyo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifungi mjadala. Wavuvi wanaweza kupokezana usukani. Injini inaweza kutunzwa, na bomba la moshi lililotoboka likazibwa. Vifuniko vya masikio vinaweza kuvaliwa safari ikiwa ndefu na kuvuliwa wakati wa kukaribia nyavu au mashua nyingine. Wavuvi wengi husafiri katika mashua ya tajiri. Anayenunua petroli kila siku hashindwi kununua vifuniko.

Nawaomba walimu wenzangu, hususan wa vyuo vya ufundi, wawafunze vijana kipimo hiki rahisi: ukilazimika kupaza sauti ili usikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, kelele hiyo yaelekea ni ya kudhuru. Wajifunze hilo kabla hawajaingia kwenye karakana, vinu vya kusaga na mashua. Mzee wa Dunga hakuambiwa na yeyote alipokuwa angali na masikio ya kusikia dawa.