Mama mwenye VVU anyonyeshe, ila asiruke dozi

Bado wapo akina mama wanaoamini kuwa mwenye VVU akimnyonyesha mwanawe anamuua. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa na mama zao wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya.

Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, watafiti waliwapa wanyonyeshaji dawa za kufubaza virusi. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, katika miezi sita ni watoto watano kati ya 100 walioambukizwa, na wengi wao walikuwa tayari na virusi kabla ya wiki ya sita. Mama zao walianza dawa mimba ikiwa na wiki 34. Hapa kwetu, tangu utaratibu ulipobadilishwa mwaka 2013, mjamzito huanza mara tu akigundulika, na huendelea maisha yake yote.

Kwa hiyo nyonyesha. Miezi sita ya mwanzo mpe maziwa yako tu: si maji, si uji mwepesi, si dawa ya mchango anayoleta bibi kwa nia njema. Vitu hivyo huchubua utumbo wa mtoto na kuvipa virusi njia. Baada ya hapo mwanzishie chakula, huku ukinyonyesha hadi mwaka mmoja au hata miwili. Chuchu zikipasuka au titi likivimba, wahi kliniki.

Kwa Nyegezi, tatizo ni safari. Mama anapanda basi stendi kwenda msibani siku tatu, anakaa wiki mbili. Mwingine anafuata dagaa visiwani. Vidonge vinaisha, virusi vinaongezeka kwenye maziwa, na mtoto bado ananyonya. Kabla ya kuondoka, waambie wahudumu wa CTC. Watakupa dawa za kukutosha au barua ya kuchukulia kwingine.

Asiyesemwa sana ni mama aliyepimwa mjamzito akakutwa salama, kisha akaambukizwa akiwa ananyonyesha. Maambukizi mapya huja na virusi vingi mno, naye hajui. Pimeni tena, na baba pia.

Mtoto wa mama mwenye VVU hupewa dawa ya maji ya nevirapini tangu kuzaliwa, na wiki ya sita hutobolewa kisigino kwa kipimo. Jibu zuri la siku hiyo si la mwisho, kwa kuwa bado ananyonya. Mrudishe kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, mpaka kile kipimo cha baada ya kuacha ziwa.