Mfadhili Alipofika Kikundini: Taaluma ya Asasi za Hiari na Mfano wa Busia

Taaluma inayochunguza mashirika yasiyolenga faida ni changa. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilianzisha programu ya utafiti wake katika miaka ya 1970. Mradi linganishi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ukafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadaye Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizochunguzwa. Jina lenyewe la taaluma lina walakini, kwani hueleza ushirika wa watu kwa kile wasichokitafuta. Mchuuzi wa Malaba anayeweka akiba katika chama hutafuta faida, ila ya wote. Neno ujima lingemfaa zaidi.

Mpakani huku ndiko taaluma hiyo ilikopata mojawapo ya ushahidi wake mzito. Michael Kremer, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, anajulikana kwa utafiti wa dawa za minyoo katika shule za Busia. Usiotajwa sana ni ule alioufanya na Mary Kay Gugerty kuhusu vikundi 80 vya wanawake katika wilaya za wakati huo za Busia na Teso, Malaba ikiwa katika hiyo ya pili. Nusu ya vikundi vilichaguliwa kwa bahati nasibu vitangulie kupewa pembejeo na mafunzo ya uongozi, vingine vikasubiri.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Ufadhili haukuonekana kuviimarisha vikundi. Walijiunga wanawake wenye umri mdogo zaidi, waliosoma na wenye ajira. Wao pamoja na wanaume wakazidi kushika uongozi. Wanawake wazee wakaondoka kwa wingi zaidi. Ripoti inayohesabu wanachama tu isingewaona.

Kwa maoni yangu, suala hili ni la lugha pia. Mfadhili huja na andiko la mradi, bajeti na ripoti ya robo mwaka, mara nyingi kwa Kiingereza. Anayeimudu lugha hiyo hukikaribia kiti cha mwenyekiti. Leo vikundi hivyo vinaongozwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, nayo inadai katiba. Idara za Kiswahili zingeweza kuanza hapo: kuchunguza katiba hizo huandikwa kwa lugha gani, na ni wanachama wangapi wanaoweza kuzisoma.