Tuzo za Muziki wa Kilatini na Damu Yake ya Kongo

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Novemba, wanamuziki wa Amerika ya Kusini, wa visiwa vya Karibi, wa Uhispania na wa Ureno huzawadiwa katika sherehe ya Tuzo za Latin Grammy, ambayo huandaliwa na chama cha waimbaji, wapigaji, watunzi na mafundi wa studio kilichoundwa mwaka 1997. Mshindi hukabidhiwa sanamu ndogo ya gramafoni, yaani ile mashine ya zamani yenye pembe kubwa iliyotumika kupigia santuri. Sherehe ya kwanza ilifanyika Los Angeles, Marekani, tarehe 13 Septemba 2000; ile ya mwaka 2001 ilifutwa kwa sababu ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba, na majina ya washindi yakatangazwa baadaye bila tamasha.

Neno "Kilatini" linahitaji maelezo, kwa sababu hapa halihusu lugha ya Warumi wa kale wala ya misa, bali linahusu mataifa yanayosema lugha zilizozaliwa nayo. Kifaransa nacho ni mtoto wa Kilatini, na Kongo hukitumia shuleni na ofisini, lakini tuzo hizi zilijengwa juu ya Kihispania na Kireno, hivyo wimbo ulioimbwa kwa Kilingala au Kiswahili hauna mlango wa kuingilia hata kama mapigo yake ni yaleyale ya Havana. Wanachama hupiga kura mara mbili, kwanza kuwateua washindani na kisha kumchagua mshindi, wakitazama ubora wa kazi. Tuzo za jarida la Billboard kwa muziki wa Kilatini, zilizoanza mwaka 1994, hufuata njia nyingine: hutegemea hesabu za mauzo, za kupigwa redioni na, siku hizi, za kusikilizwa kwenye intaneti.

Msikilizaji wa Misisi, wa Baraka au wa Fizi, mashariki mwa Kongo, anayekutana na nyimbo za washindi wa kipengele cha salsa, muziki wa dansi uliokomaa New York kutokana na midundo ya Kuba, huziona kama za ndugu, na ana haki ya kuziona hivyo. Watu waliotekwa katika bonde la mto Kongo na kuuzwa utumwani walifika Kuba na ngoma zao, na katika mapokeo ya Wakongo wa kisiwa hicho ngoma huitwa ngoma hadi leo, neno lilelile ambalo Mbembe, Mswahili na Mkongo hulielewa bila kufasiriwa. Uti wa mgongo wa muziki huo ni klave, yaani mapigo matano yanayogongwa kwa vijiti viwili: matatu yaliyoachana, kimya kifupi, kisha mawili yanayofuatana, na baada yake mwanzo tena. Mtu akiyagonga mezani huku rumba ya zamani ya Kinshasa ikipigwa, mara nyingi ataona kwamba yanakaa mahali pake.

Muziki huo ulirudi Afrika kwa meli, ukiwa umechongwa katika santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Kiingereza ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, wenye nyimbo nyingi za Kuba, na vijana wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walizisikiliza mpaka wakaiga hata Kihispania ambacho hawakukielewa, kisha wakakiacha na kuimba Kilingala, huku magitaa yakichukua kazi ya piano na tarumbeta. Fizi yenyewe iliwahi kuwapokea Wakuba: mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara aliongoza zaidi ya wapiganaji mia moja katika milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika, wakitumia majina ya Kiswahili, naye akiitwa Tatu. Hao walikuja na bunduki na wakaondoka mwezi wa Novemba mwaka uleule. Muziki wao ulikuwa umetangulia kuingia Kongo, na ndio uliobaki.

Uhusiano huo ulionekana wazi Kinshasa mwezi wa Septemba 1974, wakati wa tamasha la Zaire 74, ambapo Celia Cruz wa Kuba na kundi la Fania All-Stars likiongozwa na Johnny Pacheco walipiga mbele ya umati uliowapokea kama watu wa nyumbani. Celia Cruz alishinda Latin Grammy katika sherehe ya kwanza kabisa, na Pacheco alipewa tuzo ya heshima ya maisha mwaka 2005. Mwaka 2010 Concha Buika, aliyezaliwa Uhispania na wazazi kutoka Guinea ya Ikweta, alishinda pamoja na mpiga piano wa Kuba Chucho Valdés. Damu ya Afrika, basi, haikuwahi kuwa kizuizi. Kinachopima ni lugha, na kipimo hicho ni chembamba mno kwa muziki ambao nusu ya ukoo wake iko upande huu wa bahari.

Ubaya wa kipimo hicho unaonekana katika maisha ya waimbaji wazee wawili. Ibrahim Ferrer wa Kuba, aliyezaliwa mwaka 1927, alikuwa amesahauliwa na aking'arisha viatu Havana alipoitwa kurekodi na kundi la Buena Vista Social Club mwaka 1996, na mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 73, akapewa Latin Grammy ya msanii mpya bora. Wendo Kolosoy, ambaye Wakongo humwita Papa Wendo, alizaliwa mwaka 1925, akatoa wimbo wa "Marie-Louise" mwaka 1948, akanyamaza kwa miongo, kisha naye akarudi studio katika miaka ya 1990 na sauti iliyokwaruza kwa uzee lakini haijapotea njia. Aliimba Kilingala. Alifariki Kinshasa mwezi wa Julai 2008, na rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu tarehe 14 Desemba 2021, miaka 13 baada ya kuzikwa kwake.